Ova Sita za Baba

Wiki iliyopita mvua ilinikuta mtaa wa Kigobe, nikakimbilia mlango wa duka la dawa, na miguu yangu ikakanyaga jamvi la makumbi ya nazi lililolowa. Harufu yake ilinipanda kabla sijafunga mwavuli: harufu ya kamba iliyoanza kuoza, ya vumbi lililokunywa maji, na chini kabisa kitu kama mafuta yaliyochacha. Kijana wa dukani akaniuliza, "Dada, unatafuta nini?" Nilikuwa nimekasirika. Mwanamke mzima, nimesimama juu ya kijamvi cha kupangusia miguu, natamani kukikunja na kukitupa barabarani mbele ya magari.

Ninyi mliokulia mji huu wakati jina lake lilikuwa limekwisha kubadilishwa, na wazee wetu bado wanasema Usumbura, mnajua kwamba mnazi si mti wetu. Sisi ni watu wa mchikichi. Harufu ya makumbi haikuwa na sababu ya kuwa Bujumbura. Ililetwa. Ilikuja kwa gari moshi mpaka Kigoma na kwa meli mpaka bandarini kwetu, imeviringishwa kama maiti, na kila Jumapili ilitandazwa katikati ya kiwanja cha kriketi cha wenye maduka, ikapigiliwa misumari mirefu ardhini na kumwagiwa maji ili mpira udunde sawasawa. Utoto wangu unanuka jamvi lile. Sikuombwa ruhusa.

Kiwanja kilikuwa ukingoni mwa mtaa wa Wahindi. Upande mmoja palikuwa na baraza ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani, yenye viti vya kukunja, birika kubwa la chai, na ubao ulioandikwa majina ya wanachama. Upande wa pili, penye jua, palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye vigingi, na nyuma ya kamba tulikaa sisi wa mtaa wa Buyenzi. Hakuna mtu aliyetukataza kukaa barazani. Hakuna aliyehitaji kutukataza.

Baba yangu, Saidi, alikuwa fundi wa magari katika gereji ya Bwana Jivani, na Bwana Jivani alikuwa kapteni wa klabu. Siku za kazi baba alilala chini ya malori. Jumapili alivaa suruali nyeupe ya klabu na kurusha mpira. Aliurusha vibaya sana, nina maana vibaya kwa yule aliyekuwa mbele yake. Alianza kukimbia kutoka mbali, polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani, halafu kasi ikamshika, mkono ukazunguka juu ya kichwa, na kilichofuata ni mlio wa vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji vikianguka, na mpigaji ametoka mchezoni. Watu wa Buyenzi walimwita Radi. Barazani walimwita Saidi, na walipomhitaji haraka walimpigia mluzi.

Alikuwa mchezaji. Hakuwa mwanachama. Wakati wa chai wenzake walipanda ngazi za baraza, naye alikunywa yake amesimama bombani, pamoja na yule mzee aliyemwagia jamvi maji. Nilikuwa na umri wa kuanza shule tu, na nilidhani baba anapenda kusimama.

Mambo mengi niliyaelewa hivyo, kwa namna yangu. Mwalimu wetu wa shule alikuwa ametufundisha maneno ya adabu ya Kifaransa: bonjuru ya asubuhi, mersi ya kupokea, orevwa ya kuagana. Na pale kiwanjani refa, Bwana Fransisko, Mgoa mrefu aliyevaa koti jeupe kama daktari, kila baada ya muda alipaza sauti, "Ovaaa!" Sisi hatukuwa na Kiingereza. Nilisikia alichokuwa nacho sikio langu: nilisikia orevwa. Na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu! Akishasema tu, anageuka na kuondoka. Wote wanaondoka mahali walipokuwa, wanapishana, huyu anakwenda kule, yule anakuja huku, na mrushaji anauacha mpira kwa mwingine. Halafu hawaendi popote. Wanaanza tena, na baada ya kitambo baba anarudi na kuurusha mpira, na refa anaagana naye tena. Nikaamini ni desturi ya watu wenye maduka: kuagana kila mara bila kuondoka, ili mtu asijisahau. Sikumwuliza mtu. Jambo likieleweka vizuri hivyo, nani ataliuliza?

Miaka ile ya kwanza mechi ilikula Jumapili nzima. Baba akiingia asubuhi aliweza kurusha mpaka milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ikaanza kuwa myeusi. Hakukuwa na kipimo ila pumzi yake, na pumzi yake haikuwa na mwisho.

Kisha sheria ikaja. Nakumbuka siku baba alipoileta nyumbani, kwa sababu aliileta kama mtu anayeleta nyama: kwa furaha, na kwa kuificha kidogo. Tulikuwa tunakula, jua bado lipo uani, ugali wa muhogo na ndagala wa ziwani. Baba mdogo Ramazani alikuwa nasi. Alikuwa fundi wa nguo, na ulimi wake ulikuwa na sindano.

"Sasa mechi ni ya ova makumi tatu," baba akasema. "Hawa makumi tatu, na bale makumi tatu. Ova moja ni mipira sita. Na mutu mumoja hapiti ova sita. Akimaliza zake, njo basi."

"Basi namna gani?" mama akauliza.

"Anaenda kusimama mbali. Anakamata mipira ya wengine."

Baba mdogo akalamba kidole. "Nani alileta iyi sheria?"

"Iko ya dunia. Hata Ulaya sasa banachezaka hivi. Watu bako na maduka, Ramazani. Mechi inaanza kisha saa sita, inaisha mbele ya jua kuzama."

"Sawa. Niambie kitu kimoja. Mbele ya iyi sheria, nani alikuwa anapita ova sita? Mutoto wa Jivani alikuwa anapita?"

"Apana."

"Ule wa duka ya baiskeli?"

"Apana."

"We?"

Baba akatafuna.

"Sha, Saidi," baba mdogo akasema, "mi ni fundi wa nguo. Nguo iliyokatwa juu ya mwili wa mutu mumoja naijua hata ikitundikwa mu soko. Hawa balikupima mukono ukiwa umelala."

Baba aliinama achukue tonge jingine. Mama akaivuta sahani. Aliivuta taratibu, kwa kidole kimoja, mpaka ikafika upande wake.

"Mama Zuhura, nini tena?"

"Sita zimekwisha, Baba Zuhura. Enda kusimama mbali, ukamate tonge za wengine."

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Hata baba alicheka. Halafu akafuta midomo na kutoa kile alichokuwa amekificha.

"Chekeni. Lakini Bwana Jivani amenipa neno. Watu ya Kigoma banakuja na meli kucheza na sisi kikombe. Kikombe ikibaki hapa, mi naingia memba. Jina langu linaandikwa mu ubao. Nakaa mu baraza na wengine."

"Unaingia memba ama mamba?" baba mdogo akasema. "Juu ya mamba, zile za mu ziwa zinatosha."

Mama hakucheka safari hii. Aliirudisha sahani mbele ya baba.

Siwezi kuwaeleza jinsi alivyokitaka kiti kile. Alisugua mikono kwa petroli na mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu, kwa sababu wanachama hawakuwa na weusi wa oili kwenye kucha. Mchana mmoja nilimkuta chumbani ameketi peke yake, ameshika kikombe cha chai kwa sikio, na kidole chake hakipiti. Alikigeuza, akajaribu kidole kidogo. Akaniona, akakiweka chini, akaanza kupiga mluzi. Nilimpenda sana wakati ule, na namkasirikia mtu yeyote aliyemfundisha kwamba kikombe hushikwa hivyo.

Siku ya Kigoma, mechi yetu ya kwanza kwa sheria ile, mama alikuja kiwanjani. Hakuwahi kuja. Alikuwa anauchukia mchezo ule kama mke mwenza. Lakini alikuwa amemaliza kumshonea baba kofia, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, vitobo vidogo vilivyomchosha macho, na alitaka kuiona juani. Alikaa nyuma ya kamba pamoja na wanawake wa mtaa wetu, kanga imekazwa, mgongo umenyooka.

Klabu yetu ilipiga kwanza. Wapigaji wote walikuwa watu wa barazani. Baba alikuwa wa mwisho katika mstari, na ova zikaisha kabla hajashika gongo. Kisha wa Kigoma wakaingia kutafuta alama zaidi ya zile zetu, na Bwana Jivani akampa baba mpira mpya, mwekundu, unaong'aa kama jicho la njiwa.

Baba alivua kofia yake akampa refa. Ndiyo desturi, mrushaji humwachia refa kitu chake. Bwana Fransisko akaitia mfukoni mwa koti lake.

Sijaona tena kitu kizuri namna ile, na ninasema hivyo bila furaha. Jua lilikuwa kali, jamvi linatoa mvuke, na baba alikuja mbio kutoka upande wa barabara kana kwamba mji wote unamsukuma. Mpigaji wao wa kwanza hakuuona mpira. Wa pili aliuona akaogopa. Kila kijiti kilipoanguka, nyuma ya kamba tulipiga vigelegele, na barazani walipiga makofi ya vidole viwili, taratibu, wakigeukiana. Nusu ya watu wa Kigoma walikuwa wametoka. Mama Ashura, jirani yetu, alimwambia mama, "Ee, Mama Zuhura, kumbe una simba ndani na unamulisha ndagala!" Mama akauma midomo asicheke.

"Ovaaa!" Bwana Fransisko akasema.

Nami nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Refa aliingiza mkono mfukoni, akatoa kofia, akampa baba. Baba akasimama naye, jasho linamtiririka, anaitazama kofia mkononi kama mtu aliyerudishiwa barua yake haijafunguliwa. Akasema neno. Refa akatikisa kichwa. Bwana Jivani akaashiria kwa mkono: kule, kule. Na baba akaanza kutembea kuvuka kiwanja, mbali na jamvi, mbali na wenzake, mpaka ukingoni kabisa kando ya barabara, akatugeuzia mgongo. Mpira alipewa mtoto wa Bwana Jivani, kijana mwenye nywele za mafuta, ambaye aliupangusa kwenye suruali yake kama tunda.

Nilielewa. Ova alizozitaja baba tulipokuwa tunakula sikuziunganisha na neno la refa; safari hii orevwa ilikuwa ya kweli. Wamempa kitu chake, wamemwonyesha njia.

Nikakimbia mpaka kwa mama. "Mama! Baba bamemufukuza! Refa amemwambia orevwa! Bamemupa kofia yake aende!"

Mama hakuniuliza mara mbili. Aliinuka, akaivuka kamba kama mtu anayevuka mfereji, akaingia. Mama Ashura alimshika kanga, kanga ikamponyoka. Mtoto wa Bwana Jivani alikuwa ameanza kukimbia aurushe mpira, na alipoinua macho alikuta mwanamke amesimama juu ya jamvi, na ndara zake, mbele ya vijiti.

Nilikuwa nimemfuata nyuma, nimeshika upindo wa kanga yake, na harufu ya makumbi ikanijaa puani. Ndipo ilipoingia mwilini mwangu, na haijatoka.

"Nani amemufukuza bwana yangu?" mama akauliza.

Bwana Jivani alikuja akitembea, hakukimbia. Alizaliwa mji huu kama sisi, na Kiswahili chake kilikuwa chetu. Sitakubali mtu aniambie kwamba hawakuelewana.

"Mama Zuhura, toka mu jamvi. Hakuna mutu aliyefukuzwa."

"Mutoto amesikia kwa masikio yake. Ule mzee amemwambia orevwa."

Bwana Fransisko akakunja uso. "Mimi? Orevwa?" Halafu nikaona linamfikia. Akaanza kucheka, kwanza ndani ya koti, halafu wazi. "Ova, mama! Ova! Mipira sita ikiisha, ninasema ova! Siyo orevwa!" Akalirudia kwa sauti kubwa upande wa baraza, na baraza ikalipuka. Walicheka wakishikana mabega. Chai ilimwagika. Hata wa Kigoma, wageni, walicheka walipotafsiriwa. Nimesikia vicheko vingi maishani, na najua sasa kwamba vingine havina ubaya. Kile kilikuwa na ubaya.

Mama alisubiri kiishe. Sijui alipata wapi subira ile.

"Sawa," akasema. "Mi sikusoma, na mutoto wangu amekosea neno. Basi anarudi wakati gani?"

"Nani?"

"Baba Zuhura. Kama hajafukuzwa, anarudi wakati gani kutupa mpira?"

Bwana Jivani akavuta pumzi. "Leo harudi. Amemaliza sita zake. Ni sheria."

"Na huyu mwenye gongo, yeye anapiga ngapi?"

"Mupigaji hana mwisho. Anapiga mpaka bamutoe."

"Aa. Mwenye kupiga hana mwisho. Mwenye kutupa iko na mwisho." Aligeuka akaitazama baraza, kiti kwa kiti. "Na pale mu kivuli, bote ni bapigaji?"

"Mama, jua linaenda. Toka."

"Nauliza tu, Bwana Jivani."

Najua leo kwamba sheria ile haikutungwa Bujumbura. Nimesoma. Ilichezwa hivyo kwingine, na watu wazuri tu, kwa sababu nzuri tu, ili kila mtu apate zamu yake na mechi iishe mapema. Haipunguzi kitu. Kisu hakitengenezwi na anayekishika, lakini yeye ndiye anayechagua mahali pa kukata. Na Bwana Jivani hakuona haya hata kidogo. Ningependa kuandika kwamba aliinamisha macho. Alitazama saa yake.

Baba alikuwa amekuja mbio kutoka barabarani. Alisimama kati yao, kofia mkononi, anahema.

"Saidi," Bwana Jivani akasema, kwa upole, na upole ule ninauchukia kuliko kicheko, "mutoe bibi yako mu jamvi. Ama niwaambie Kigoma kikombe ni chao, na lile neno letu limekufa. Chagua."

Mama alimtazama baba. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango na sasa anasubiri mwingine apite.

"Twende, Baba Zuhura," akasema. "Twende nyumbani. Mi natoka na we."

Upepo wa ziwa ulipita. Nikamwomba baba kwa macho. Nilimwomba kwa kila kitu mtoto anachoweza kuombea. Yeye aliitazama baraza, ule ubao, vile viti. Kisha akasema, bila kumtazama mama usoni:

"Mama Zuhura, sheria ni ya watu wote. Sita ni sita. Rudi nyuma ya kamba."

"Umesema?"

"Unaniharibia. Toka!"

Hili neno la mwisho alilipaza, ili lifike barazani. Lilifika. Mtu mmoja kule akapiga makofi.

Mama alinyoosha mkono. "Basi nipe kofia yangu."

Baba akampa. Mama akaikunja mara mbili, akaichomeka kifuani, akanishika mkono, tukatembea kurudi. Hatukuishia nyuma ya kamba. Tulivuka kamba, tukawapita wanawake waliotupisha njia, tukasimama ng'ambo ya barabara karibu na ukuta wa ghala. Nadhani mama alitaka kwenda nyumbani, na miguu yake ikakataa. Hivyo tuliyaona yaliyobaki.

Wa Kigoma waliobaki waliupiga mpira wa mtoto wa Bwana Jivani kama watu wanaopura maharage. Waliupiga juu ya vichwa, waliupiga juu ya kamba, waliupiga mpaka barabarani, mpaka miguuni mwetu. Na kila mara aliyekuja kuuokota alikuwa baba, kichwa wazi juani, anakimbia. Mara moja mpira ulisimama hatua chache tu kutoka kwetu. Baba aliinama, akauchukua, tukasikia pumzi yake. Mkono uliokuwa na uwezo wa kuyamaliza mambo yote yale katika robo saa ulikuwa unautupa mpira kwa kapteni, taratibu, kwa adabu. Hakuinua macho. Ova za Kigoma zilikuwa bado nyingi walipomaliza kazi yao. Wakakumbatiana, wakachukua kikombe, wakaenda nacho bandarini wakiimba.

Mama akasema, "Imekwisha. Amekosa vyote viwili." Na nilihisi, nasema ukweli, kitu kitamu kwenye ulimi. Nilifurahi kwamba wameshindwa.

Lakini haikuwa imekwisha. Wachezaji walikuwa wanapanda ngazi za baraza na baba alikuwa anaelekea bombani, kama siku zote. Bwana Jivani akamwita. Hakumpigia mluzi, alimwita kwa jina lake na la baba yake. Akashuka ngazi mbili, akaweka mkono begani mwa baba, akageuka kwa wenzake. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikiwa, na maneno yakavuka barabara:

"Kikombe kimekwenda, si kitu, kitarudi. Lakini leo tumeona mutu. Huyu ni mutu wa sheria. Hata kwa nyumba yake, ni mutu wa sheria. Mimi nasema jina lake liandikwe."

Wakapiga makofi ya vidole viwili. Mtu akavuta kiti cha kukunja, akakifungua. Baba akakaa. Wakampa kikombe, na kutoka tulipokuwa niliona ameshika kwa mikono yote miwili, kama mtu mwenye homa.

Kwa hiyo hawakumpa kiti kwa ajili ya mkono wake. Vijiti vyote vile alivyoviangusha miaka yote ile havikutosha. Kilichotosha ni neno moja alilomwambia mama yangu.

Alirudi nyumbani kabla ya adhana ya magharibi. Tulimsikia kutoka mbali, alikuwa anasalimia watu njiani, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ambayo sikuijua. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachambua mchele, baba mdogo Ramazani yuko mlangoni kwake anavuta sigara, na habari zote alikuwa nazo. Baba aliingia akasimama. Alikuwa amechomwa na jua, paji la uso limekuwa jekundu.

"Nimeingia," akasema. "Mmesikia? Tumeshindwa, na bado bameniingiza. Kesho banaandika jina mu ubao. Mama Zuhura, umesikia?"

Baba mdogo alitema mate pembeni, akaingia ndani kwake, akafunga mlango.

Mama alipuliza pumba kutoka kwenye ungo. Aliondoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa.

"Nimesikia," akasema. "Hongera, Bwana Saidi."

Alilisema vizuri, bila kejeli, kama tulivyosema Bwana Jivani tukitumwa gerejini kwake. Baba alicheka kidogo. Akangoja. Alidhani litafuata lingine, lile la kila siku, lenye jina langu ndani yake. Mama aliendelea na mchele. Kicheko cha baba kikakaa usoni peke yake, hakijui pa kwenda.

"Zuhura," mama akasema, "mupelekee maji ya kunawa."

Nilichota maji kwenye mtungi, nikachukua beseni na kitambaa, nikampelekea pale aliposimama. Alininyooshea mikono ile, mizuri, iliyosuguliwa, na akainama ili uso wake uwe karibu na wangu, akisubiri nimtabasamie. Nilikuwa mtoto mwenye adabu. Mwalimu wetu alikuwa akinisifu.

"Karibu maji, Bwana," nikamwambia.